Risala kwa Mheshimiwa Diwani: Sheikh Amri Abedi na Diwani Yake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Mwaka huu tumeamua kumsoma mtu mmoja tu. Sababu ni aibu iliyotupata darasani. Mwalimu wetu aliuliza: Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja wetu wa Arusha unaitwa kwa jina lake, alikuwa nani? Mwenzetu mmoja akajibu kwamba alikuwa golikipa. Tulicheka sana, kisha mwalimu akatugeukia sisi tuliocheka, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Tulipoanza kutafuta, tulikuta hata jina lina sura mbili. Uwanjani limeandikwa Abeid, kwenye kitabu chake Abedi. Sisi tumefuata kitabu.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, na alishiriki katika tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953. Mwaka uliofuata, yaani ule ule ilipozaliwa TANU, kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria. Mheshimiwa, utaona kwamba mtu huyu alitunga sheria kabla hajapewa wizara yake, na alikuwa na diwani yake, yaani mkusanyiko wa mashairi, kabla hajawaongoza madiwani wa jiji!

Kitabu chenyewe ndicho kilichotukalisha hadi jioni. Kwanza anaeleza vina (silabi za mwisho zinazofanana), mizani (idadi ya silabi katika mstari), beti na kituo (mstari wa mwisho wa ubeti), mambo ambayo watunzi wa pwani waliyajua kwa sikio na kurithishana kwa mdomo. Halafu anaweka mashairi yake mwenyewe, kana kwamba anasema: sheria hizo, nami nazifuata, nipimeni. Anashikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Tulijaribu kuyaimba ya kwetu. Matatu yalikwama ubeti wa kwanza.

Waliokuja baada yake hawakukubaliana naye wote. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyojali vina wala mizani, watetezi wa utungo wa jadi walikimbilia kitabu cha Amri kama mahakamani. Mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alifariki nchini Ujerumani mwaka 1964, akiwa na miaka 40. Chamani kwetu ubishi huo bado upo, na Katibu wetu, anayesoma risala hii, yuko upande wa Kezilahabi. Lakini hata yeye amekiri kwamba huwezi kuvunja mizani usiyojua kuihesabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chama kina wanachama 46 na nakala moja ya kitabu hicho, nayo ni fotokopi iliyokosa kurasa za mwisho. Tunasoma kwa zamu. Tunaomba utusaidie kupata nakala kumi kwa ajili ya maktaba. Pia tunaomba utufikishie ombi kwa wanaohusika na uwanja: pawepo kibao kidogo langoni kinachosema kwamba mwenye jina hili alikuwa mshairi. Ubeti mmoja wake ukiandikwa hapo chini, tutafurahi zaidi.

Ombi la kwanza tumelitungia ubeti, mizani kumi na sita kila mstari. Tulibishana kama "Amri" ni mizani mbili au tatu. Mwalimu ameamua ni tatu.

Mgeni wetu karibu, twakupa salamu zetu,
Amri twamhesabu, malenga kipenzi chetu,
Tumesoma kwa taabu, moja tu nakala yetu,
Mgeni tupe kitabu, ndilo hilo ombi letu.

Sasa wenzetu wa kidato cha pili watauimba.

Tunaomba kuwasilisha.