Unauza karavani? Anza na ukuta, bei baadaye

Mhariri,

Matangazo ya karavani kuukuu, yaani vyumba vya magurudumu vinavyovutwa na gari, yanayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu huandikwa kana kwamba kinachouzwa ni gari: picha ya mbele, picha ya nyuma, mwaka, bei, "maongezi yapo". Karavani haina injini ya kuharibika. Kinachoiua ni maji, na hayo hayaonekani pichani.

Karavani nyingi za zamani zina mifupa ya mbao iliyofunikwa kwa bati jembamba la alumini. Maji hupenya kwenye maungio: pembe za madirisha, tundu la hewa la paani na ile reli ya pembeni inayoshika turubai. Mbao huoza kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa. Muuzaji atafute kipima unyevu, apime chini ya madirisha, nyuma ya viti na ndani ya makabati, kisha ampe mnunuzi namba hizo. Chini ya asilimia 15 hakuna neno. Ikipita 20, pana mahali panavuja. Ikifika 30, pengine mbao zimeshaoza, na bei lazima iteremke sana. Asiye na kipima ana kidole gumba: abonyeze ukuta chini ya pembe ya dirisha. Ukididimia kama mkate uliolowa, ubao wa nyuma umekwisha. Sakafu nayo ikinesanesa karibu na mlango, tabaka zake zimeachana.

Wengi wakigundua uvujaji humwita fundi apake silikoni juu ya reli. Huko ni kuyafungia maji ndani. Dawa ni kuifungua reli yote, kukwangua gundi ya zamani, kuweka gundi laini ya butili isiyokauka, kisha kuirudisha kwa skrubu zisizoshika kutu. Ndiyo maana ningependa mnunuzi akague Aprili au Novemba, mvua ikinyesha. Anayeuza Januari, jua limeshakausha kila kitu, na aimwagie maji kwa mpira kwa dakika kumi huku mnunuzi akiwa ameketi ndani.

Tairi hudanganya pia. Karavani iliyokaa uani miaka mingi huwa na tairi zenye meno marefu lakini mpira umekauka na kupasukapasuka ubavuni. Tafuta herufi DOT, usome tarakimu nne za mwisho: 3616 ni wiki ya 36 ya mwaka 2016. Zikiwa zimepita miaka saba, bei ya tairi mpya iingie kwenye maongezi. Na kama breki ya mkono iliachwa imevutwa muda wote huo, huenda breki zimegandia ndani ya dramu. Inua ekseli kwa jeki, zungusha kila gurudumu, usikilize beringi. Ile miguu ya pembeni inayoituliza karavani ikiegeshwa si jeki. Ukiitumia kuinulia karavani, miguu hiyo hupinda.

Tangazo litaje na upande wa mlango. Karavani za soko la Uingereza huwa na mlango kushoto. Za Ujerumani na Ufaransa kulia, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara zetu watoto wanashukia kwenye magari.

Karatasi ndizo huzua kesi. Karavani ni trela, na trela ina usajili wake na namba inayoanza na Z. Haiendi kwa logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari linaloivuta. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, mnunuzi akakubali kwenye yake, kila mmoja na PIN yake ya KRA, mamlaka ya ushuru. Mkataba wenye sahihi mbili hautoshi: Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu za kuitumia barabarani kabla jina halijabadilishwa. Na iliyoingizwa na mwanadiplomasia kwa msamaha wa ushuru haiuzwi kwa mwananchi wa kawaida mpaka ushuru huo ulipwe.

Kuhusu malipo: M-Pesa hupitisha hadi shilingi 250,000 kwa mara moja; bei ikiwa kubwa zaidi, nendeni benki pamoja. Muuzaji asikabidhi ufunguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Aangalie salio kwenye simu yake mwenyewe.

Fundi wa matrela,
Lang'ata, Nairobi