Bega Langu Si Goti la Rollins

Jersey City, New Jersey
Januari 2026

Mjomba,

Pokea salamu zangu, na umpe Shosho zake kabla hujaanza kusoma, maana najua ukishaanza utasahau. Barua za zamani zilikuwa zinaanza na "mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu." Leo siwezi kuandika hivyo. Mzima si mzima, na ndiyo maana nimekaa na kalamu badala ya kukurekodia sauti kwenye WhatsApp. Sauti unaifungulia kwa kinyozi, watu kumi wanachangia. Hii isome mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja niliwaambia pesa ya mabati itachelewa kwa sababu nimeumia bega. Ukajibu: "Sawa, Rollins. Magongo utayatupa lini?" Ukaweka na vile vikatuni vya kucheka machozi, vitatu. Mjomba, nilicheka. Ni mzaha wa mtu anayeijua mieleka, huwezi kuununua dukani. Halafu nikajaribu kuvua shati kwa mkono mmoja, likakwama kichwani, nikakaa hivyo gizani ndani ya shati langu kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye gunia.

Shosho anakumbuka sura za watu lakini tarehe hazimhusu, kwa hivyo nimweleze kidogo. Julai 2025 Seth Rollins, mwanamieleka wa WWE, alishika goti katikati ya mechi na LA Knight, na habari zikaenea kwamba goti limekwisha. Agosti 2 ikawa SummerSlam, lile shindano lao kubwa la kiangazi, hapa MetLife, uwanja ambao naupita kila siku nikiwa kwenye basi la kwenda kazini. CM Punk alikuwa ndio kwanza amemshinda Gunther, mkanda wa ubingwa uko mkononi. Rollins akatokea kwa magongo, goti limefungwa, anachechemea kama mzee anayechelewa baraza la chifu. Kisha akatupa magongo, akakimbia kama swala, akatumia ule mkoba wake wa Money in the Bank, unaompa mtu haki ya kumvamia bingwa saa yoyote anayotaka, na Punk akapoteza mkanda hata jasho hajafuta. Huko kwenu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Ulinipigia ukipiga kelele mpaka nikasikia mbwa wa jirani wakikujibu.

Ulisema ule ni upangaji wa hali ya juu, na usiku ule nilikubali. Sasa nimebadilisha mawazo.

Uongo wa Rollins ulikubalika kwa sababu lile goti lilikuwa na faili. Novemba 2015, akiwa bingwa, kano za goti zilimkatika Dublin, mkanda ukachukuliwa, akakaa nje zaidi ya miezi sita. Aliporudi Mei 2016, hapa hapa Newark, watu walimshangilia kama mtoto wao, na wale wapangaji (si wapangaji wa nyumba zako za Kaptembwo wasiolipa kodi, wale wa mechi) wakang'ang'ania abaki mtu mbaya. Hilo lilikuwa kosa. Mtu ametoka kwenye kisu cha daktari, watu wamesimama kwa hiari yao wenyewe, halafu wewe unawaambia wamzomee? Lakini angalau maumivu yalikuwa ya kweli. Ya 2025 waliyachukua maumivu yale ya kweli wakayakopea.

Na deni likaiva haraka. Oktoba 11, Perth, Australia, Rollins akapigana na Cody Rhodes, akashinda, na bega likaenda. Kweli kweli safari hii. Unajua nilifanya nini niliposikia? Niliguna. Mimi, niliyeanza kutazama mieleka meno ya utotoni hayajang'oka, nilisema "huyu anatudanganya tena" na nikaendelea kunywa chai. Niliamini tu walipomvua mkanda, na Novemba Punk akautwaa. Wakati naguna hivyo, bega langu mimi mwenyewe lilikuwa na siku tisa tangu lichanike, nimelifunga na leso. Kwa hivyo sikulaumu sana kwa ule mzaha. Walitufundisha wote wawili kutoamini.

Ila wewe, Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kwanza. Unakumbuka kile kibanda cha video? Benchi za mbao za taka, nailoni nyeusi dirishani, na stima ikipotea watoto wote tunadai shilingi tano zetu. Siku moja wavulana wakubwa walikuwa wanabishana kama mieleka ni ya ukweli ama ni ya uongo, na mimi nikajidai nikasema ni ya uongo, mshindi huambiwa mapema. Hukubisha. Ulitoka nje, ukaleta ubao, ukauweka juu ya matofali manne, ukatandika blanketi moja jembamba. Ukaniambia, "Ulingo wao uko hivi. Mbao juu ya chuma, sponji kidogo, turubai. Haya, anguka chali." Nikaanguka. Pumzi ilitoka yote, ikakataa kurudi, na juu yangu nikaona uso wako umepinduka ukiniuliza, "Imekuwa ya uongo?"

Nimemsimulia huo ubao kila Mkenya niliyekaa naye nyumba moja huku.

Sasa bega. Nafanya kazi kwenye ghala moja hapa New Jersey. Jina lao haliingii kwenye barua hii. Lilikuwa boksi la chakula cha mbwa. Najua Shosho atauliza mbwa anakulaje chakula cha boksi, mwambie ni hadithi ndefu. Lilikuwa rafu ya juu, nikalivuta, likaja haraka kuliko nilivyotarajia, nikalizuia kwa mkono wa kulia. Nilisikia sauti kabla ya maumivu: kama leso mbichi ikipasuliwa. Nikalishusha taratibu, nikaangalia kama kuna aliyeona. Halafu, Mjomba, nikamaliza shifti. Saa nne nzima, nikibeba kwa mkono wa kushoto.

Na ninajua kwa nini nilifanya hivyo. Ni ile mechi ya Cody ya Juni 2022, Hell in a Cell kule karibu na Chicago. Msuli wa kifua ulikuwa umeng'oka kwenye mfupa, akavua koti, na uwanja mzima ukanyamaza kidogo: kifua nusu kimekuwa rangi ya zambarau zilizoiva zikapondeka. Akapigana hivyo hivyo, na Rollins (huyu mtu kila mahali yupo), na akashinda. Tuliiangalia mara ngapi mimi na wewe kwa simu? Tulimwita dume. Leo ukiniuliza nitasema ni mojawapo ya mechi nzuri nilizowahi kuona na haikupaswa kuchezwa. Yote mawili. Cody alipona, akarudi Royal Rumble ya 2023, ile mechi ya watu thelathini wanaoingia mmoja mmoja, akiingia namba 30, akaibeba. Lakini mwenye kampuni akimwona mtu na kifua kama kile, anapaswa kumwambia nenda nyumbani, hata kama mtu mwenyewe analia anataka kuingia. Mimi msimamizi wangu aliniona nikibeba kwa mkono mmoja na hakuuliza. Kesho yake niliporipoti, akaleta karatasi akitaka niandike kwamba bega liliniuma nikiwa nimelala kwangu. Sikuweka sahihi. Hilo bado tunavutana, na ndiko pesa ya mabati ilikokwama. Basi sasa umejua.

(Kwa kuwa nimemtaja Cody: ulikuwa sahihi na mimi nilikosea kuhusu WrestleMania ya 2023, lile shindano lao kubwa kuliko yote ya mwaka. Nilikasirika aliposhindwa na Roman Reigns baada ya kutoka jeraha lile, nikasema wamemwua. Ule mwaka mmoja wa kungoja ndio uliofanya ushindi wa Philadelphia, Aprili 2024, uwe vile ulivyokuwa. Reigns alikuwa na mkanda siku 1,316. Nimeandika, usidai nyingine.)

Kwa Shosho nina neno la Kofi Kingston. Najua hajawasamehe, na asiwasamehe. Mtoto wa Ghana anangoja miaka kumi na moja, anamshinda Daniel Bryan hapa MetLife Aprili 2019, Shosho anapiga vigelegele mpaka majirani wanadhani kuna arusi. Kisha Oktoba wanampa Brock Lesnar mkanda kwa sekunde zisizofika kumi. Nakumbuka alivyonyanyuka akazima TV kwenye ukuta, si kwa rimoti. Kushindwa ningekuelewa. Kilichonichoma ni kwamba hawakumpa Kofi hata wiki ya kukasirika. Alirudishwa kwenye kundi lake la The New Day akiruka na kucheka kana kwamba alipoteza mwavuli.

Lakini lile alilolifanya Kofi baadaye, sijui kama mlimwonyesha. Big E, mwenzao, alivunjika shingo Machi 2022, akatupwa akatua kichwa chini nje ya ulingo. Hajapigana tena mpaka leo. Desemba 2024, kundi lao linatimiza miaka kumi, Big E akaja akasema yuko tayari kuwasimamia kutoka pembeni. Kofi na Xavier Woods wakamkataa. Wakamwambia aliwaacha. Mtu amevunjika shingo, Mjomba, na anaambiwa uliondoka ukatuacha sisi tunahangaika. Uwanja ulinyamaza kabla ya kuzomea. Huo ndio upangaji ninaoukubali mimi, kwa sababu shingo ilikuwa ya kweli na maneno yale ni maneno ambayo ndugu wanaweza kumwambia ndugu. Hawakukopea chochote. Nilirudia kile kipande tena mwezi wa kumi na moja, baada ya ujumbe wako. Sikusema kitu, lakini nilikirudia.

Mama anataka nirudi kazini mwezi ujao. Mwambie polepole kwamba haiwezekani, na kama atakataa kuelewa mtolee mfano wa Edge, mwanamieleka mwingine. Madaktari walimsimamisha 2011 kwa ajili ya shingo, akakaa miaka tisa, akarudi Januari 2020 kule Houston, na ule muziki ulipolia nililia kama mjinga ndani ya matatu ya Nakuru–Njoro nikiangalia kwa simu ya mtu. Juni mwaka ule ule msuli wa nyuma ya mkono ukamchanika kwenye mechi na Randy Orton waliyoitangaza mapema kuwa mechi bora kuliko zote za dunia. Miaka tisa ya kungoja, miezi mitano ya kucheza, kisha kitandani tena. Dada anayenifanyisha mazoezi ya viungo hajui mieleka hata kidogo, lakini anaongea kama aliona mechi hiyo. Amenipa mpira wa kijani, naufunga kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kimebana ubavuni na taulo limekunjwa hapo, navuta nje mara kumi na tano. Taulo likianguka naanza upya. Huanguka kwenye ya kumi na moja.

Ya John Cena tutabishana siku nyingine. Najua kwako ni uchungu kwamba Desemba 13 aliaga kwa kujisalimisha kwa Gunther. Mimi naona ni sawa, anayeondoka amwinue anayebaki. Usinijibu kwa barua, utanijibu kwa kelele.

Huyu anayekuletea barua anakuja na fulana ya Shosho na dawa yako ya kuchua. Mabati: nimemwomba fundi angoje mpaka Machi, amekubali, usimsumbue. Royal Rumble iko Riyadh tarehe 31, na saa za Riyadh ni sawa na za Nakuru, kwa hivyo kwa mara moja Shosho hatakesha mpaka alfajiri. Mimi ndiye nitakayekuwa naangalia mchana kweupe, nimefungwa kwenye mlango.

Tuweke dau la kawaida. Namba 30 mimi nasema si Rollins. Akitokea, nitaongeza mifereji juu ya mabati. Asipotokea, utasimama kwa kinyozi, watu wakiwa wengi, useme bega langu ni la kweli.

Ni mimi mpwa wako,
Kim