Kwa Mwanasheria Mkuu wa Kentucky: jopo kuu liliulizwa nini?

Mheshimiwa,

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Louisville tulitoka Kongo. Waliokwisha kupata uraia sasa wanaweza kuitwa kuketi kwenye jopo kuu (grand jury), kundi la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe. Kwa hiyo suala hili ni letu pia.

Katiba ya jimbo inataka wajumbe 12. 9 wakikubaliana, mtu anashtakiwa. Kazi yao si kutoa hukumu, ni kupima kama ushahidi unatosha kumfikisha mtu mahakamani. Wanakaa faragha, na anayewaletea mashahidi na kuwaeleza sheria ni mwendesha mashtaka. Faragha hiyo siipingi. Inamlinda shahidi anayeogopa, na asiye na kosa asichafuliwe jina.

Ila kumbuka Septemba 2020. Breonna Taylor, mwanamke Mweusi wa hapa Louisville, alikuwa ameuawa na polisi nyumbani kwake Machi 13. Daniel Cameron, aliyekutangulia ofisini, alitutangazia kwamba jopo limekubali kuwa askari wawili walikuwa na haki ya kujibu risasi. Askari mmoja tu alishtakiwa, tena kwa risasi zilizopenya hadi kwa majirani. Oktoba, jaji alipowaruhusu wajumbe kusema, mmoja alieleza kuwa shtaka la mauaji halikuwekwa mbele yao kabisa. Walipouliza kuhusu mashtaka mengine, waliambiwa hayatakuwepo, kwa kuwa waendesha mashtaka hawakuona kama yangesimama.

Yaani uamuzi ulikuwa wa ofisi, mzigo wakatwishwa raia 12 waliofungwa midomo. Hilo linaniuma hadi leo.

Linganisha na jimbo la Michigan. Patrick Lyoya, Mkongo mwenzetu, alipopigwa risasi na askari Grand Rapids, Aprili 2022, mwendesha mashtaka wa kaunti alimshtaki askari huyo yeye mwenyewe, hadharani. Mwaka 2025 wajumbe waliosikiliza kesi walishindwa kukubaliana, na kesi haikurudiwa. Tulilia, lakini tulijua nani aliamua nini.

Ninakuomba hivi: kila polisi anapoua mtu na suala likapelekwa kwa jopo kuu, ofisi yako iombe ruhusa ya mahakama kutangaza ni mashtaka gani wajumbe waliwekewa na sheria walielezwaje. Majina ya wajumbe na mashahidi yabaki siri. Na kabla hawajaanza kazi, waambiwe kwa lugha nyepesi kwamba wana haki ya kuuliza kuhusu mashtaka ambayo hayakuletwa.

Nasubiri jibu lako, nalo liwe la wazi kama barua hii.

Mkazi wa Louisville