Bati umeleta mwenyewe, kwa nini unalipa?

Papa mmoja, mzee wa mtaa wa Katuba, aliondoka hapa karakanani kwetu akisema tunamwibia. Alileta kasha la kompyuta ya zamani tumtengenezee boksi la ampli, yaani mashine ya kukuza sauti. Aliposikia bei akauliza: "Fundi, bati ni langu, mnanilipisha nini?" Swali hilo linarudi karibu kila Jumamosi, kwa hiyo tunalijibu hapa.

Bati hatulihesabu. Kasha la kompyuta ni chuma kizuri, chembamba, kimepakwa zinki, hakishiki kutu upesi hata kipindi cha mvua hapa Lubumbashi. Tunachohesabu ni kazi ya matundu na ya waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme ukivuja kwenye bati.

Tundu la duara ni jepesi: alama kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea), drili ya milimita 3 kwanza, kisha kubwa, na ubao chini ili bati lisichanike. Tundu la mstatili la soketi ndilo linalokula mchana. Tunatoboa vitundu vingi pembeni mwa mstari, kisha tupa, polepole, tukijaribisha soketi kila mara. Anayekata kwa grainda anapitiliza pembe, soketi inalegea, na nyuma yake kuna volti 220.

Waya wa ardhi nao hauchomekwi popote. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo tunaikwangua mpaka chuma king'ae, tunafunga boliti ya waya huo peke yake na washa yenye meno. Kifuniko kinapewa waya wake. Kisha mita, ikipima ukinzani wa umeme: kutoka pini ya ardhi mpaka kila kipande cha bati, isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo boksi halitoki, hata mwenyewe akisimama mlangoni na pesa mkononi. Wengine hutuambia soketi za nyumbani kwao hazina ardhi. Tunaweka tu, boksi huhama nyumba.

Papa yule alitoboa mwenyewe, ampli ikiwa bado ndani ya kasha. Chembe za chuma zilimwagika juu ya kadi, ule ubao wenye vipande vya umeme, na alipowasha, transista 2, vipande vinavyokuza sauti, ziliungua. Tulipofungua tukakuta pia amezifunga kwenye bati bila karatasi ya maika, ambayo huzuia umeme. Mgongo wa transista nyingi za namna hiyo umeungana na kolekta, mguu wake mmoja wa umeme, kwa hiyo usipotenganishwa, bati lote linaingia kwenye mzunguko wa umeme. Alilipa transista, alilipa kusafisha kadi, na boksi alilolikataa akalilipa vilevile. Ilituuma, maana ampli ilikuwa nzuri.

Kijana mwingine alitumia debe la mafuta ya kula. Transfoma nzito ilipinda sakafu ya debe, ikakata waya zake njiani, juu ya pikipiki.

Ombi moja la dhati: maikrowevu mbovu ileteni nzima. Bati lake tunalipenda, lakini kapasita ya ndani, kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na umeme wa volti kama 2,000 hata ikiwa imechomolewa. Msiifungue.

Kama kifaa chako kinatumia betri ndogo tu, boksi la plastiki au mbao linatosha, na tutakuambia hivyo bila kukutoza. Cha umeme wa nyumba, lete kila kitu pamoja na bati: kadi, transfoma, soketi, swichi, hata vishikio vya kuongezea sauti. Tukipima kwa macho, tundu linakosea.