Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Mzee akihamishwa, shamba linabaki kwa anayemtisha

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni maafisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria tunaofanya kazi vijijini, Kanda ya Ziwa. Tunakuandikia kuhusu mtu mzima aliye hatarini ndani ya nyumba yake mwenyewe: bibi anayeitwa mchawi, mzee asiyeona anayewekeshwa dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, na mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anayefungiwa chumbani mchana kutwa.

Mtoto akidhulumiwa, njia inajulikana. Ipo Sheria ya Mtoto ya 2009, ipo simu 116, na zipo fomu ambazo kila afisa anazijua. Kwa bibi wa miaka 70 tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na sera peke yake haimpi afisa mamlaka ya kumzuia mtu yeyote. Zanzibar walitunga sheria yao ya wazee mwaka 2020. Huku Bara kila halmashauri inajifanyia inavyoona, na mara nyingi kinachofanyika ni kile kile: mzee anapakiwa kwenye gari, anapelekwa kwa binti yake wilaya ya pili, au kwenye makazi ya wazee kama Kolandoto na Bukumbi, kisha jalada linafungwa.

Hapo ndipo ulinzi unapogeuka kuwa msaada kwa mdhalimu. Tuhuma za uchawi Usukumani mara nyingi zina shamba nyuma yake, au ng'ombe walioachwa na marehemu, au kiwanja kilichopanda bei baada ya barabara kupita. Mtoto anapata degedege, familia inakwenda kupiga ramli, jina linatajwa. Macho mekundu ya bibi, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka mingi ya kupika, yanageuzwa ushahidi. Inafuata barua ya vitisho chini ya mlango, na baadaye wakata mapanga wa kukodiwa. Tukimwondoa bibi na kuliacha shamba bila ulinzi, aliyekuwa akilitaka analipata bila kutoa hata shilingi. Hata Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru anayeshukiwa akaishi mahali fulani. Mzigo wa kuhama umewekwa mabegani mwa anayetishwa.

Tunaomba mwongozo mmoja wa kushughulikia mashauri ya watu wazima, utolewe pamoja na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kwa kuwa maafisa ustawi wako chini ya halmashauri. Yafuatayo ndiyo tunayotaka yawemo.

Taarifa isilazimike kuanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mara nyingi yeye ni ndugu wa mmoja wa wahusika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, padri au imamu aweze kumfikia afisa wa kata moja kwa moja, na jina la mtoa taarifa lisiandikwe kwenye jalada linalozunguka ofisini. Ikiwa kuna barua ya vitisho, ramli iliyotaja jina, au msiba wa ghafla kwenye ukoo, afisa afike ndani ya saa 24. Siku za msiba ndizo za kuangaliwa zaidi, maana ndugu wote wapo na swali la nani kaua linaulizwa waziwazi. Mashauri mengine yafikiwe ndani ya saa 72.

Ziara ya kwanza ifanywe na watu wawili, mchana, wakiwa na sababu ya kawaida kama kupima presha. Mzee aongee nao akiwa peke yake. Kama anajua Kisukuma tu, mkalimani atoke kijiji kingine. Mwanawe au mkwewe asitafsiri hata neno. Kiziwi aletewe mkalimani wa lugha ya alama. Afisa aangalie upande wa ndani wa mikono, ambako michubuko ya kushikwa kwa nguvu huonekana, na mgongo na nyonga kama kuna vidonda vya kulala. Apime uzito na kuuandika, ili wa mwezi ujao uwe na cha kulinganishwa nao. Aulize nani ana ufunguo wa ghala, nani anashika simu na namba ya siri, nani anapokea fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Atazame mlango wa chumba pia. Komeo likiwa kwa nje, hayo tayari ni maelezo ya kuandikwa.

Kisha suala la ridhaa, ambalo wengi wetu tunalikosea kwa sababu tumezoea mashauri ya watoto. Mtu mzima ana haki ya kukataa msaada. Afisa ajiridhishe kwa mambo manne: je, anaelewa anachoambiwa, anaweza kukikumbuka, anaweza kupima faida na hatari, na anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote? Akiweza yote na bado anasema habanduki nyumbani kwake, habanduki. Tupange ziara za kila wiki na jirani anayemwamini. Asipoweza, uamuzi ufanywe na afisa ustawi, tabibu, na ndugu asiyefaidika na mali yake, sababu ziandikwe, na uamuzi uangaliwe upya baada ya siku 14.

Shamba lilindwe wiki ile ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka uhamisho wa haki ya kimila upate kibali cha halmashauri ya kijiji, na inabatilisha mila inayomnyima ardhi mwanamke au mtu mwenye ulemavu. Kwa hiyo afisa aiandikie halmashauri ya kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, kwamba hakuna uhamisho utakaojadiliwa bila mwenye shamba kuwepo na kusomewa karatasi kwa lugha yake, mbele ya mashahidi wawili wasio ndugu wa mnunuzi. Mipaka iandikwe majirani wakiwepo. Mashauri ya wazee hawa yasikwame kwenye baraza la ardhi la kata: tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi unamkalisha bibi uso kwa uso na anayemtisha. Sheria inataka usuluhishi huo ujaribiwe kwanza, lakini ukishindikana au siku 30 zikipita bila suluhu, afisa amsaidie mzee kufungua shauri mara moja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa polisi tunaomba mambo machache. Majeruhi atibiwe kwanza, PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ifuate. Barua ya vitisho iwekwe kwenye bahasha, isipitishwe mkono kwa mkono kijiji kizima. Maelezo yachukuliwe nyumbani kwa asiyeweza kutembea. Mganga aliyepiga ramli naye ahojiwe, na kama amesajiliwa, Baraza la Tiba Asili lijulishwe. Na kabla mtoto wa mzee hajakamatwa, lazima ijulikane nani atampikia mzee kesho yake. Kesi nyingi hufa hapa: bibi anafuta maelezo yake kwa sababu ana njaa, nasi tunaandika kwamba shahidi hakutoa ushirikiano.

Kumhamisha mzee kuwe kwa ajili ya hatari ya kuuawa tu, kwa siku zisizozidi 30 bila kuangaliwa upya. Kabla gari halijaondoka, mali iorodheshwe, mifugo ihesabiwe, nyumba na shamba vipigwe picha, ufunguo apewe mtu aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, na tarehe ya kurudi iandikwe.

Ufuatiliaji uwe siku ya 3, 7, 14, 30 na 90. Jalada lisifungwe kwa sababu hakuna aliyelalamika. Gharama yake si ya kutisha: mzee akiishi kilomita 20 kutoka ofisini, safari tano za kwenda na kurudi ni kilomita 200, yaani lita 5 hadi 6 za petroli kwa pikipiki. Kinachokwamisha ni kwamba lita hizo hazina kasma yake, na pikipiki ikiwepo inatumiwa na idara nyingine. Afisa mmoja asibebe zaidi ya mashauri 25 yaliyo wazi. Zaidi ya hapo ziara zinakuwa za kwenye karatasi.

Tunaomba mwongozo uanze katika halmashauri za Shinyanga, Simiyu, Geita, Mwanza na Tabora mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1. Kipengele cha kuhamisha hakihitaji bajeti. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha kuagiza kwamba mtendaji yeyote asisaini kuondolewa kwa mzee kijijini mpaka orodha ya mali na barua ya kuzuia uhamisho wa shamba viwe kwenye jalada.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Maafisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria, Kanda ya Ziwa