Watoto wetu wawili wa vipaji maalumu

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Shule yetu ya msingi imetoa wawili mwaka huu: binti amepangiwa Kilakala, Morogoro, na kijana Ilboru, Arusha. Zote ni shule za serikali za vipaji maalumu, kama Mzumbe, Kibaha, Msalato na zile mbili za Tabora. Hongereni sana walimu mliomo humu!

Ada ilifutwa tangu 2016, lakini fomu ya kujiunga ina orodha yake: godoro, shuka, sare, kaunta buku, na bado nauli. Jumamosi nilikwenda kwa bibi yake binti, yule anayekaanga mihogo pale stendi. Daftari la hesabu la mtoto limejaa hadi ndani ya jalada, maswali yamebanwa pembeni kwa penseli iliyobaki kama kidole gumba. Bibi alikuwa ameikunja fomu ndani ya khanga, hajui aanzie wapi. Jamani, tusikubali godoro limzuie mtoto huyu.

Mwenye chochote amtumie mhazini kabla ya Ijumaa. Begi au ndoo nzima pia tunapokea.

Na tusiwasahau wanaobaki shule ya kata. Wapo wakali wa hesabu kule ambao hawakuchaguliwa, na vitabu wanagawana. Natafuta watu wawili wa kuwafundisha Jumamosi asubuhi, saa tatu hadi saa tano. Mwalimu mkuu ameshatupa darasa. Nani yuko tayari?