Mkataba Umeusoma?

Mwanangu mpenzi,

Sote wazima, ila bibi yako analalamikia goti. Nimesikia kwa mamako mdogo kwamba tikiti yako ya kwenda kazini Muscat, Oman, imetoka. Kwa mamako mdogo, si kwako. Haya, tuyaache.

Nataka kujua kimoja: mkataba umeusoma? Sisemi kutia sahihi. Umesoma ukurasa kwa ukurasa, ukaona mshahara ni riyali ngapi, mapumziko ni siku gani, na tikiti ya kurudi ni juu ya nani?

Unasema ni kazi ya kuuza nguo dukani, si ya nyumbani kwa watu, kwa hivyo nisiwe na wasiwasi. Mwanangu, duka mimi nalijua. Habari za duka la leso la Biashara Street, Mombasa, kutoka shule na kwenda kazini na sare yangu, umezisikia tangu mdogo, sizirudii. Lakini kuna ambalo hukuambiwa.

Kazi niliipenda. Mwaka 1987, nikiwa kidato cha pili, kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasomea wateja majina ya leso. Kina mama ambao hawakupelekwa shule walininyooshea kitambaa: "Hebu nisomee, mwanangu." Nikisoma "Japo sipati tamaa sikati," mmoja anacheka, mwingine anairudisha asije jirani akadhani anasemwa yeye. Wengine walitafuta kwanza chapa ya leso, yale maandishi madogo ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ndipo waulize bei. Doti huja leso mbili zimeshikana. Nilijua kuikata katikati bila mkasi kwenda upande, na fundi wa barazani akaipinda kwa cherehani mteja akingoja. Huo ulimi wako mtamu kwa wateja umeurithi kwangu, na najivunia.

Ila mshahara wangu aliniwekea tajiri, mwenye duka, ndani ya daftari lake. Mimi mtoto, yeye mtu mzima, nimuulize nini? Muhula ulipokwisha akanisomea hesabu: imekatwa doti iliyotafunwa na panya, imekatwa chai, zimekatwa hata siku ambazo nilikuwepo. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Babu yako alikwenda kusema naye, akarudi kimya.

Kwa hivyo usiniambie tajiri wako ni mtu wa dini. Uwe na daftari lako, uandike saa zako kila usiku. Na pasipoti ikae kwako. Akisema akuhifadhie, mwambie unapo pa kuiweka. Nakala muachie mamako mdogo, na namba ya ubalozi wetu Muscat iandike kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Wewe kuuacha masomo ya ualimu mwaka wa pili bado kunaniuma. Lakini ada ya nduguyo mwaka jana ilitoka mkononi mwako, hilo sikulisahau.

Tangi limepasuka, maji tunanunua ya mkokoteni. Chumba chako amehamia bibi kwa sababu ngazi zinamshinda. Nguo zako nimezitia kwenye sanduku la buluu. Furushi lako nimelituma kwa basi, lina leso doti mbili nilizokwisha kuzipinda na achari ya embe. Kalichukue Ijumaa asubuhi, usichelewe.

Na mkataba nipigie picha leo, kurasa zote, hata zile za Kiarabu. Nimeshazungumza na ustadhi wa msikitini, atanisomea.

Mamako